Mashabiki wa gemu za mkakati wanataka toleo jipya, au la zamani lililokarabatiwa?

*"Mtaalamu, habari za kazi. Nina ukumbi mdogo wa gemu hapa Morogoro, kompyuta nane za mtumba, RAM ya GB 8 kila moja, hazina kadi ya picha ya kuongezea. Wateja wangu wa jioni ni watu wazima waliokulia saiba wakicheza Age of Empires II na Generals. Wanasema hawataki kipya, wanataka gemu yao ileile isafishwe tu. Wateja wa mchana ni vijana wa chuo. Wao wanasema gemu iliyokarabatiwa ni kuuziwa kitu kimoja mara mbili, na ukumbi usio na Age of Empires IV umepitwa na wakati. Juzi nusura wagombane. Nina akiba kidogo, inatosha ama kununua gemu ama kuongeza nguvu mashine, si vyote viwili. Naogopa nikiegemea upande mmoja nitapoteza upande wa pili. Hivi mashabiki wa gemu hizi wanataka nini hasa? Na huo ukarabati si rangi tu iliyopakwa juu?"*

Ndugu yangu, swali lako lina maswali mawili ndani yake, ndiyo maana linakuumiza kichwa. La kwanza ni la ladha: watu hawa wanapenda nini. La pili ni la mfuko: akiba yako iende wapi bila kufukuza mteja. Nitaanza na la ladha, kwa sababu ukilielewa hilo, la mfuko litakuwa jepesi. Na nikuambie msimamo wangu mapema: kundi lako la jioni halipendi uzee wa gemu, na kundi la mchana halipendi upya wake. Mashabiki wa gemu za mkakati wanalinda kile ambacho mikono yao imekwisha kujifunza. Wa jioni wana ujuzi wa miaka mingi wa kulinda. Wa mchana bado hawana cha kupoteza, kwa hiyo kipya hakiwatishi.

Kaa nyuma ya mmoja wa wateja wako wa jioni, umtazame dakika tano za kwanza za Age of Empires II. Anaanza na wanakijiji watatu, mpelelezi mmoja wa farasi, na chakula 200 ghalani. Mwanakijiji mpya anagharimu chakula 50 na anachukua sekunde 25 kutoka, kwa hiyo kabla hujavuta kiti ameshaagiza wanne mfululizo. Wawili wanajenga nyumba. Mpelelezi anazunguka kutafuta kondoo, wanaletwa mbele ya makao makuu na kuchinjwa mmoja mmoja, maana ukichinja wote kwa pamoja nyama inaoza chini. Halafu anamtuma mwanakijiji mmoja akamchokoze nguruwe pori: anampiga, anageuka, anakimbilia makao makuu ambako wenzake wanasubiri. Akichelewa kidogo, nguruwe anamuua. Akifika salama, amepata chakula 340. Muda wote huo kidole kimoja kinabonyeza H, kamera inarudi katikati, mwanakijiji mwingine anaagizwa, kwa sababu kila sekunde ambayo makao makuu yamekaa bure atailipa baadaye, atakapohitaji chakula 500 za kuvuka kwenda zama ya pili.

Hakuna hata kimoja katika hayo kinachotegemea uzuri wa picha. Vyote vimo kwenye namba, na kwenye vidole. Ni kama bao. Mtu achonge bao jipya la mninga, aling'arishe, achonge nakshi pembeni, wazee watalikalia kwa furaha. Lakini mwambie mtu aliyecheza bao tangu utotoni kwamba kuanzia leo hakuna nyumba, na kete 64 zimekuwa 50, atanyanyuka aende zake, hata kama mchezo huo mpya ni mzuri.

Sasa hilo la "rangi tu". Ni dhana iliyoenea, na inawafanya watu washangae kwa nini ukarabati mmoja unapendwa na mwingine unalaaniwa, ilhali picha za wote wawili zinang'aa.

Waliotengeneza Age of Empires ya kwanza, iliyotoka 1997, walitaka watu wanane wacheze pamoja kwa modemu ya simu ya kasi ya 28.8, kwenye kompyuta ya Pentium 90 yenye RAM ya MB 16. Kwa laini nyembamba kiasi hicho huwezi kutuma kila mara mahali alipo kila askari. Wakachagua njia nyingine: mashine zinatumiana amri tu. Ukimwambia mpiga upinde aende kisimani, kinachosafiri ni ile amri, na inapangiwa kutekelezwa zamu mbili mbele, ili mashine zote ziitekeleze kwa wakati mmoja. Kila kompyuta inapiga hesabu ya vita vyote peke yake, na majibu lazima yafanane mpaka mshale wa mwisho. Mashine moja ikisema mshale ulipiga na nyingine ikasema ulikosa, kuanzia hapo wachezaji wako kwenye vita viwili tofauti na gemu inavunjika. Wateja wako wa Generals wanalijua hilo vizuri sana. Ule ujumbe wa "Mismatch" unaowakatia gemu katikati ya raha ndio huo.

Yapo mambo mawili hapa ambayo mwenye ukumbi lazima ayajue. Moja, kompyuta dhaifu kuliko zote inawapunguzia mwendo wote, maana wengine wanalazimika kuisubiri. Ndiyo sababu Age of Empires II: Definitive Edition, yaani ile iliyokarabatiwa, inaipima mashine yako kwanza kabla ya kukuruhusu kuingia kwenye mechi za madaraja. La pili, fundi anayekarabati gemu ya namna hii anagusa kitu kilichoshonwa pamoja. Akibadilisha namna askari anavyotafuta njia kuzunguka ukuta, amebadilisha vita. Wachezaji wa Definitive Edition wamelalamikia kwa miaka namna askari wanavyokwama na kusukumana, ingawa gemu hiyo ni miongoni mwa kazi bora za ukarabati zilizopata kufanywa.

Kwa nini naiita bora? Ilitoka Novemba 2019, miaka ishirini baada ya ile ya 1999. Picha zilichorwa upya, lakini bado unaitazama kutoka juu kwa mshazari uleule. Bei ya mwanakijiji ni ileile, na sekunde ni zilezile 25. Kilichoongezwa ni cha kuupumzisha mkono, kama shamba kujipanda lenyewe likiisha na teknolojia kupangwa foleni, pamoja na mataifa mapya manne yaliyofikisha jumla 35. Na waliopewa kazi ni pamoja na Forgotten Empires, kundi lililoanza kama mashabiki wakiongezea gemu vitu vyao wenyewe, baada ya waliounda mfululizo huu, Ensemble Studios, kufungwa mwaka 2009. Watu hao walijua nguruwe yule anakimbizwaje.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Command & Conquer Remastered Collection ya Juni 2020. Kazi ilipewa Petroglyph, ambako wapo watu waliotengeneza gemu zenyewe enzi za Westwood, studio iliyouanzisha mfululizo huo. Ukicheza peke yako unabonyeza kitufe kimoja, picha inageuka kuwa ya 1995, unabonyeza tena inarudi ya leo, na vita haisimami hata kidogo. Hapo mteja anaona kwa macho yake kwamba chini ya rangi gemu ni ileile. Zaidi ya hapo, EA, kampuni yenye gemu hizo, iliachia hadharani msimbo wa sehemu kuu ya gemu hizo ili mashabiki waendelee kuutumia.

Linganisha na Warcraft III: Reforged, iliyotoka Januari mwaka huohuo. Kwenye maonyesho ya 2018 watu walionyeshwa sinema za katikati ya hadithi zilizotengenezwa upya kabisa. Gemu ilipotoka, nyingi ya ahadi hizo hazikuwemo. Hilo wangelimeza. Lililowachoma ni kwamba hata mtu aliyekuwa na Warcraft III ya zamani na hakununua mpya aliletewa mabadiliko kwa nguvu, na vitu alivyokuwa navyo kwa miaka mingi, kama ngazi ya ushindani na koo za wachezaji, vikatoweka. Kampuni ililazimika kuwarudishia pesa walioomba. Ngazi ile ilichukua miaka kurudi. Soma malalamiko ya wakati ule: wengi wao hawakuwa wanalilia picha. Walikuwa wamenyang'anywa mahali pao pa kuchezea.

Na kuna Homeworld Remastered ya 2015, gemu ya vita vya meli za anga za juu, ambayo haizungumzwi sana ila ni darasa zuri. Gemu ya kwanza ya 1999 ilijengwa upya juu ya injini, yaani programu ya msingi inayoendesha gemu, ya gemu ya pili. Macho yalifurahi sana. Lakini waliokuwa wakipanga meli zao kwa safu, kama walivyozoea, waligundua safu zile hazishiki tena kama zamani, kwa sababu injini ya pili ilikuwa na desturi nyingine. Ilibidi lije sasisho kubwa mwaka 2016 kuzirudisha. Kwa hiyo wateja wako wa mchana wakisema ukarabati ni kitu kilekile, si kweli kila mara. Wa jioni wakisema hawataki kingine isipokuwa kilekile, waulize kama wako tayari kurudi kupanda mashamba kwa mkono. Wengi hawatakubali.

Upande wa matoleo mapya nako kuna dhana ya kunyoosha, kwamba mashabiki wazee wanachukia kipya. Hawachukii kipya. Wanachukia kuporwa. Command & Conquer 4 ya mwaka 2010 iliondoa kujenga kambi na kuondoa kuvuna rasilimali, vitu viwili ambavyo mfululizo mzima ulisimama juu yake, na ikadai intaneti muda wote hata ukicheza peke yako. Mashabiki waliikataa. Age of Empires III ya 2005 haikufika huko, lakini wanakijiji wake hawabebi tena mzigo kwenda ghalani, na msaada unakuja kwa kadi kutoka mji wa nyumbani. Ina wapenzi wake wa dhati. Ila waliokuwa wameijenga akili yao juu ya umbali kati ya msitu na ghala walihisi somo lao limefutwa.

Age of Empires IV ya Oktoba 2021, iliyotengenezwa na Relic, ilikuwa na busara zaidi. Mifupa ya II imo humo: wanakijiji, kondoo, zama, kuta. Kisha kila taifa limepewa tabia yake. Wamongolia wanafungasha majengo yao na kuhama nayo. Jaribu kumvamia mtu ambaye mji wake jana ulikuwa hapa na leo uko ng'ambo ya mto! Hicho ndicho kipya ninachokipenda, kinachokupa kazi mpya ya kufikiri bila kukunyang'anya ile ya zamani. Ilianza na mataifa 8 tu, na mtu aliyetoka kwenye 35 aliiona nyembamba. Hadi leo, ukihesabu wanaocheza ndani ya Steam, lile duka la gemu la mtandaoni, mara nyingi II iliyokarabatiwa inakuwa na watu wengi kuliko IV. Msomaji asichukue hilo kama ushahidi kwamba IV ilishindwa. Ni umri wa ujuzi unaoonekana hapo.

Watengenezaji wa Civilization wana kanuni ya siku nyingi inayonasibishwa na Sid Meier mwenyewe, mwasisi wa mfululizo huo: katika kila toleo theluthi moja ibaki kama ilivyo, theluthi iboreshwe, theluthi iwe mpya. Kanuni nzuri, lakini haisemi ni theluthi ipi. Civilization VII, iliyotoka Februari 2025, iliamua kwamba mchezaji atabadilisha taifa kila zama inapobadilika. Kwa mtu ambaye raha yake yote ilikuwa kulilea taifa moja kutoka mkuki hadi roketi, hiyo ni theluthi iliyobeba moyo. Wengi walibaki na Civilization VI ya 2016. (Na kama hujawaonyesha vijana wako, humo ndani ya VI, kwenye nyongeza ya Rise and Fall ya 2018, Kilwa Kisiwani ni moja ya maajabu ya dunia unayoweza kujenga. Nimeona watu wakisimamisha vita vyao vyote ili waijenge kwanza.)

Jambo la mwisho kwenye ladha: usikubali wateja wako wagombane kana kwamba kimoja kinamuua kingine. Age of Empires IV na ukarabati wa II na III vilitangazwa kwa pamoja, kwenye maonyesho ya Gamescom huko Cologne, Agosti 2017. Kampuni inayoona watu bado wanalipia gemu ya 1999 inapata ujasiri wa kutengeneza ya kesho.

Haya, tuje kwenye akiba.

Kwa mashine ulizonieleza, ningeanza na Age of Empires II: Definitive Edition kwenye kompyuta sita, na IV kwenye mbili zenye nguvu kuliko nyingine. Sababu si mapenzi yangu. II inaomba RAM ya GB 4 na nafasi ya GB 30 hivi, IV inaomba RAM ya GB 8 na diski ya GB 50. Lakini kinachowakwamisha wengi wenye mtumba ni prosesa. II inataka picha za ndani, yaani chipu ya picha iliyomo ndani ya prosesa, za Intel HD 4000 kwenda juu, na kompyuta nyingi za mezani za kizazi cha tatu cha Intel, kama zile za i5-3470, zina HD 2500, ambayo haifiki. Kizazi cha nne kwa kawaida kinakutosha. IV inataka HD 520 au zaidi, maana yake kizazi cha sita, na prosesa lazima iwe na AVX, aina ya amri za hesabu zilizomo ndani yake, kitu ambacho Pentium na Celeron nyingi za zamani hazina. Kabla hujalipa hata shilingi, fungua kila mashine uandike namba ya prosesa yake kwenye karatasi.

Kama RAM yako ni kipande kimoja cha GB 8, badilisha kiwe viwili vya GB 4, au ongeza kingine. Picha za ndani zinakopa RAM, na vipande viwili vinafungua njia mbili. Ni pesa ndogo na tofauti utaiona. Usinunue kadi za picha kwanza. Kompyuta ndogo za ofisini zina visanduku vya umeme (power supply) vyenye nguvu ndogo na plagi zisizo za kawaida, na kadi nyingi haziingii kwa urefu. Hapo ndipo ninapokuomba usiniamini mimi niliye mbali: mpelekee fundi moja ya mashine hizo aifungue, apime kisanduku cha umeme na nafasi iliyopo. Na fundi umeme apite ukumbini aone kama waya wa chumba unabeba mashine nane, feni na viyoyozi kama unavyo, hasa ukikusudia kuongeza kadi siku za mbele. Waya unaopata moto nyuma ya meza si jambo la kusubiri.

Jingine la kwenda mwenyewe ni la haki. Akaunti ya kawaida ya Steam ni ya matumizi binafsi, si ya kulipisha watu kwa saa. Valve, kampuni yenye Steam, ina mpango maalumu wa kumbi za kompyuta, lakini si kila gemu imo na masharti yanategemea kampuni yenye gemu, kwa hiyo hakikisha kabla ya kununua. Ukiwa na shaka juu ya hakimiliki pita COSOTA, ofisi ya hakimiliki, uulize, na leseni yako ya biashara uithibitishe halmashauri. Kila mashine itahitaji nakala yake. Subiri misimu ya punguzo, nayo huja mara kadhaa kwa mwaka, na shusha gemu mara moja tu, kisha uhamishe faili kwa diski ya nje kwenda mashine nyingine ili usimalize bando. Ujue pia kwamba Definitive Edition inategemea huduma za mtandaoni za kampuni hata mkicheza chumba kimoja. Intaneti ikikatika ukumbini kwako kila jioni, inunue kwa mashine mbili kwanza, uijaribu wiki moja, ndipo uongeze.

Kuhusu Generals, wazee wako wasikate tamaa. Mpaka naandika hili haijakarabatiwa rasmi, lakini tangu Machi 2024 inauzwa Steam ndani ya mkusanyiko wa Command & Conquer, na Februari 2025 EA iliachia hadharani msimbo wa Generals na nyongeza yake Zero Hour, na mashabiki wanaendelea kuurekebisha. Ni nyepesi, mashine zako zote nane zitaibeba. Hakikisha tu zote zina toleo moja, 1.04 kwa Zero Hour, na faili zilezile bila modi (mabadiliko yaliyoongezwa na mashabiki) ya mtu mmoja kubaki kwenye mashine moja. Sehemu kubwa ya zile "Mismatch" zinatoka hapo. Ukishasawazisha na bado zinakuja, niandikie tena, unitajie zinatokea kwenye ramani ipi na mashine ipi inaanza.